Kushuka Ndiyo Ngoma

Ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Nyuma ya kona ya juu, kwenye migomba, kulianza mngurumo mdogo kama wa mtu anayeviringisha kinu juu ya mawe. Mngurumo ulikua, ukachanganyika na kilio chembamba cha mti unaosuguana na mti, na kabla mama mwenye ndoo kichwani hajamaliza kusema "Tokeni njiani!", baiskeli ya mti ilikuwa imeshapita, imeacha vumbi jekundu na harufu ya mpira ulioungua. Kuku walirudi barabarani. Mama alisonya, akaendelea na safari yake. Na sisi tuliobaki kando ya njia tulihesabu vidole: wa ngapi huyo, na nani anafuata.

Wahenga waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, walikusudia kutuonya kwamba mambo ni mepesi kuyaanza na mazito kuyamaliza. Mwalimu alipotufundisha methali hiyo darasani tulitazamana, tukacheka chini ya madawati. Huko kwetu juu ya Soni, kupanda ndiko kulikokuwa adhabu. Kushuka kulikuwa ngoma kwelikweli, yenye mlio wake, wachezaji wake, na watazamaji waliojipanga kingoni.

Asiyeijua milima ya Usambara na aanzie Mombo, kwenye joto la bonde na mashamba ya mkonge, mita 400 na kitu juu ya bahari. Gari linapoanza kupanda, masikio yanaziba, mto unabaki chini kushoto, kisha kulia, kisha huujui tena uko wapi. Unapita Soni na maporomoko yake. Ukifika Lushoto mjini, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, uko kwenye mita kama 1,400, umeshavaa sweta, na hujatembea hata kilomita 40. Simama pale Irente ukatazame chini: ukuta wa mlima unakatika ghafla, na nyika ya Mazinde imetandazwa mbali huko kama mkeka.

Mlima wa namna hiyo una sheria moja. Kila kilimwacho juu lazima kishuke, na kila anayeshuka lazima apande kurudi. Viazi, kabichi, karoti, matenga ya plamu, vyote vilitakiwa kufika barabara kubwa siku ya gulio, malori yavichukue kwenda Tanga na Dar es Salaam. Watu wazima walijitwisha. Sisi wavulana tulipewa nusu gunia la viazi na onyo la kutochezea njiani, na onyo hilo lilitupita masikioni kwa sababu chombo cha kubebea viazi na chombo cha kuchezea kilikuwa kimoja.

Nikikumbuka siku zile, mbio zenyewe huja na kupita upesi, kama zilivyopita wakati ule. Kinachokaa ni kazi iliyozitangulia.

Kazi ilianza na gurudumu. Mtoto mwenye haraka akiona gogo la mviringo anadhani ameshaona gurudumu. Analikata kipande kama anayekata muhogo, anatoboa katikati, anapachika ekseli, anaondoka. Wiki mbili baadaye gurudumu lina ufa kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, mpana kiasi cha kupitisha kidole. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilipasua magurudumu manne kabla sijampelekea mjomba wangu la tano.

Mjomba alikuwa seremala wa milango na vitanda, na karakana yake ilikuwa banda la bati kando ya barabara. Ulikuwa huingii tu. Ulisimama mlangoni, ukaamkia, ukangoja. "Shikamoo mjomba." Randa iliendelea kwenda na kurudi mpaka mwisho wa ubao, ndipo ikaja "Marahaba," na ndipo ukaruhusiwa kuwa na shida. Alilipokea gurudumu langu lililopasuka, akaligeuza mara moja, akaniambia maneno ambayo nilikuja kuyakuta ukubwani katika vitabu vya misitu, yakiwa yamevaa suti. Mti ukikauka hunywea, lakini haunywei sawa kila upande. Kwa kufuata zile duara za umri wake, hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome. Mzingo unataka kufupika, tumbo haliukubalii. Wakishindwa kuelewana, mti unapasuka.

"Mti una deni la maji," alisema. "Ukiudai kwa nguvu, utakulipa kwa ufa."

Tangu siku hiyo nikaanza upya, kwa kanuni zake tatu. Ya kwanza ni kuchagua. Mkaratusi unapatikana kila mahali, unanyooka vizuri, na mjomba aliukubali kwa boriti ya mwili wa baiskeli. Kwa gurudumu aliukataa, maana ni mwepesi wa kupasuka. Gogo la gurudumu, alisema, usilitafute porini, lisikilize jikoni. Ni lile ambalo mama anapochanja kuni shoka linakwama, linatoka, linakwama tena, mpaka analitupa pembeni kwa hasira. Nyuzi zake zimesukana kama ukili. Linalokataa shoka litakataa na ufa. Nilizoea kukaa karibu na mama wakati wa kuchanja kuni, nikionekana mtoto mwema, kumbe nasubiri atukane gogo.

Kanuni ya pili ni kuchelewesha. Kipande kikishakatwa kilipakwa samadi ya ng'ombe nyuso zote mbili, ili maji yasitoke mbio kupitia hapo, kisha kikalala chini ya kitanda, mbali na jua. Baada ya wiki kadhaa kilipanda uchagani, juu ya mafiga, kwenye moshi wa kila siku pamoja na mahindi ya mbegu. Huko ndiko kilikokuwa cheusi, na huko ndiko uvumilivu wangu ulikopimwa. Tulikata magurudumu mwezi wa tatu, masika yakianza kuharibu njia, ili yawe tayari mwezi wa sita, shule zikifungwa na udongo umekuwa mgumu kama sahani. Miezi mitatu kwa mtoto wa miaka kumi ni umri mzima.

Kanuni ya tatu ni kuuliza. Unaligonga gurudumu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Likilia *bu*, maji bado yamo, lirudishe. Likilia *ngo*, limekauka. Mjomba hakuwa na kipimo kingine, na sijawahi kumwona akikosea.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa furaha. Tundu la ekseli halikutobolewa kwa keekee. Mjomba alikuwa nayo moja na haikuazimwa. Tulichomeka kipande cha nondo kwenye moto mpaka kikawa chekundu, tukakisukuma pale kwenye kiini, mti ukapiga mluzi na kutoa moshi mtamu. Moto ulifanya kazi mbili: ulitoboa, na uliacha ukuta wa tundu mgumu na laini. Ukingo wa gurudumu ulivishwa ukanda wa tairi kuukuu, ukapigiliwa misumari. Hiyo ilikuwa mwaka 1983, wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya kuviziwa dukani, kwa hiyo misumari tuliyotumia ilikuwa imeshafanya kazi mahali pengine. Tuliing'oa kwenye mbao zilizooza, tukainyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja. Hata leo siwezi kuona msumari uliopinda njiani nikaupita.

Mwili ulikuwa boriti moja ya kusimamia, yenye mpindo wake wa asili ili mbele iinuke. Kichwani ilitobolewa kupokea shingo, na juu ya shingo ukakaa usukani, ambao nao haukutengenezwa bali ulitafutwa: panda nzuri ya mti, pembe mbili zinazolingana, kama ya manati lakini kubwa. Mvulana aliyeona panda sawasawa mtini aliweka alama yake kwa panga, na alama hiyo iliheshimiwa kuliko mipaka ya mashamba. Mwisho ekseli ilinyweshwa oili chafu kutoka kwa mafundi wa malori. Ikikosekana, ganda la ndizi mbivu lilitosha kwa safari moja, na nyuki walikufuata.

Halafu breki. Wengi tuliiacha mwisho, kama kitu cha ziada. Mjomba aliitaka mwanzo. Ukimpelekea baiskeli nzima, imepakwa oili, ina kengele ya kopo, hakutazama magurudumu wala usukani. Aliipindua, akatafuta nyuma. "Utakwendaje naona. Utasimamaje?" Breki ya kweli ilikuwa kipande kinene cha tairi kilichopigiliwa ncha moja juu ya gurudumu la nyuma, ncha ya pili ikibaki huru. Ukikikanyaga kinabana gurudumu. Waliotumia soli ya kandambili walifika kona ya pili wakinuka kama jalala linalowaka, na kona ya tatu walisimamishwa na ua wa watu.

Siku ya kushuka tuliamka ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Tulizisukuma baiskeli mpaka penye msikiti, mahali ambapo njia inaanza kuinama. Goti moja juu ya boriti, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Mara tatu, mara nne, na mlima unakupokea. Mwanzoni unasikia kila kokoto. Kisha kokoto zinaungana kuwa mngurumo mmoja, mngurumo unapanda kwenye mikono, unaingia kwenye meno. Kwenye kona huukunji usukani, unalaza mwili, na baiskeli inaelewa. Kuna mahali, baada ya kona ya pili, ambapo njia ilitoka kwenye miti ghafla na upande wa kulia hapakuwa na kitu, hewa tu na mapaa ya bati ya Soni chini kabisa. Hapo kila mmoja alipiga kelele. Hatukuagana kupiga, zilitoka zenyewe.

Dada yangu hakuruhusiwa kushuka. Alikaa ukingoni na kikapu chake cha kushona, na ndiye aliyekuwa na sikio kuliko sisi sote. Baiskeli ikiwa bado haijatokeza alitaja mwenyewe, akataja na ugonjwa wake: huyu ekseli yake imekauka, huyu gurudumu la mbele limelegea. Jioni moja, watu wakiwa msikitini, alinyoosha mkono bila kusema neno, nikampa yangu. Alishuka kimya kimya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, maana aliyajua makosa yetu yote kwa sauti.

Chini, ngoma iliisha. Viazi vikapimwa, pesa ya baba ikafungwa kwenye kona ya leso, na baiskeli ikapanda juu ya bega. Dakika chache za kushuka zililipwa kwa saa nzima na zaidi ya kupanda. Hakuna aliyelalamika kwamba bei ni kubwa.

Mara moja niliikwepa kanuni. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa linalia *bu*, nami nikajiambia nimesikia *ngo*. Kwenye kona ya tatu lilikatika vipande viwili, na nusu gunia la viazi likafunguka. Nilivisikia vikinipita, vikiruka kwa furaha, vingine vikafika mtoni na vingine karibu sokoni kabla yangu. Nilikwenda kwa mjomba na goti linalovuja damu na vile vipande viwili mkononi. Hakunigombeza. Alichukua kimoja, akanielekeza pale palipovunjika. "Shika." Nikashika. "Vipi?" Nikasema pana baridi. "Basi ulikuwa umepanda maji," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Ukubwani nilijua kwamba swali la mjomba lilishaulizwa milimani kwetu na watu wenye chuma na pesa. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikikata mitarakwa ya Shume, mti ambao mbao yake huchongeka vizuri kwa penseli. Magogo yako juu, reli ya Tanga iko chini Mkumbara, na katikati ni ukuta wa zaidi ya mita 1,000. Waliwaita Bleichert wa Leipzig, mabingwa wa njia za waya, wakatandika kamba za chuma kutoka mlimani mpaka stesheni, na mitarakwa ikashuka ikining'inia hewani juu ya mabonde. Njia hiyo haipo tena. Huwa nawafikiria wahandisi wale, na michoro yao na hesabu zao, wakikuna vichwa juu ya jambo lilelile: kushuka kwenyewe mlima utafanya, utasimamaje?

Na mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo hivyo kwingine, mgongoni mwa kazi. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1827 ilijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kwa uzito wake tu. Mabehewa matupu yalivutwa kurudi juu na nyumbu, wale watoto wa punda na farasi, na wakati wa kushuka nyumbu nao walipandishwa kwenye behewa lao. Inasimuliwa kwamba walipokwisha kuonja kushuka kwa gari, walikataa katakata kushuka kwa miguu. Makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikageuzwa ya watalii, watu wakalipa nauli kwa ajili ya kelele zao wenyewe, mpaka miaka ya 1930 ilipofungwa na kuuzwa vyuma chakavu. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alijenga ya kwake huko Coney Island, New York, kwa senti 5 kila safari. Ilikwenda kilomita kama 10 kwa saa. Dada yangu angelala usingizi.

Wafaransa mpaka leo magari hayo ya kupanda na kuporomoka huyaita milima ya Urusi, kwa kukumbuka miteremko ya barafu ya Warusi. Warusi nao huyaita milima ya Marekani. Kila mmoja anaazima mlima wa mwenzake. Sisi tuliokuwa na mlima wenyewe hatukuupa mchezo wetu jina lolote. Tulisema tu, "Leo tunashuka?"

Goma, mashariki ya Kongo, ndugu zetu wanaosema Kiswahili wanacho chombo hiki kikiwa kimekua mtu mzima. Wanakiita chukudu. Ni boriti mbili za nguvu, magurudumu ya mti yenye ukanda wa tairi, na breki ya mpira nyuma, kama zetu. Lakini kinabeba mamia ya kilo za mkaa, kabichi na saruji, na kinalisha familia. Mjini wamekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu na chukudu lake. Nilipoiona picha yake nilitazama mahali pamoja tu. Breki ipo.

Mteremko wetu umekwisha. Kwenye vijiji vya ndani bado utakutana na mtoto na baiskeli yake ya mti imebeba kuni, lakini pale kwetu barabara imepanuliwa, bodaboda zinapanda na kushuka usiku na mchana, na mzazi mwenye akili hawezi kumwachia mtoto njia ile. Viazi vinafika Soni bila kuanguka. Sina ugomvi na hilo. Mama zetu walibeba vya kutosha.

Mwaka fulani nilimpeleka binti yangu kwenye kiwanja cha pembea Dar es Salaam. Tulikata tiketi, tukafungwa mikanda, tukapandishwa juu polepole na kuachiwa. Alinishika mkono, akapiga kelele ileile ya kona ya pili, nami nikafurahi kwamba kelele hiyo imerithiwa. Tuliposhuka aliniambia, "Baba, twende tena," lakini mimi nilikuwa nimeinama nachungulia chini ya gari.

"Unatafuta nini, mzee wangu?" kijana mwenye mashine aliniuliza.

"Breki."

Alicheka kwa adabu, akanionyesha swichi.

Likizo iliyofuata tulikwenda nyumbani. Mama bado anapika kwenye mafiga, ingawa jiko la gesi tulimnunulia. Limefunikwa kitambaa sebuleni. Niliinua mkono uchagani kumshushia mahindi, vidole vikagusa kitu kizito, cha mviringo, kilichofunikwa masizi mengi. Nilikitoa nje kwenye mwanga. Hakikuwa na ufa hata mmoja.

"Hilo ni lako," mama akasema bila kugeuka. "Mwaka ule ulipokwenda sekondari hukulikumbuka."

Nililiweka sikioni, nikaligonga kwa kifundo cha kidole. *Ngo.* Nikaligonga tena. Binti yangu alikuja mbio kuona baba anabisha hodi wapi. Mama aligeuka, akanitazama kuanzia chini.

"Na magoti hayo?" akaniuliza.

Nikalipangusa, nikalirudisha uchagani, lisije likaingiwa na unyevu.